Mama Yuko Kazini, Ingawa Yuko Nyumbani

Barua zenu za mawifi na wivu nimezisoma zote, zamu yao itafika. Mwezi huu naomba tuongee jambo linaloleta kasheshe kwenye nyumba nyingi kuliko mnavyodhani: mwanamke anayefanya kazi akiwa nyumbani, tena kazi ambayo hakuna mwingine ndani ya nyumba anayeielewa.

Wengi mnafahamu kuwa siku hizi nauandika ukurasa huu nikiwa Kibondo. Bwana alihamishwa kikazi, nami nikafungasha vyombo, watoto na laptopu, tukapanda basi. Mashosti wa Dar walinilia kama wanasindikiza msiba. "Kibondo! Si ndio kwa wakimbizi huko?" Jamani, Kibondo ni mji wa watu. Ni milimani, asubuhi unavaa sweta, udongo ni mwekundu hadi soksi nyeupe zinasahau rangi yake, maharage ni matamu, asali ni asali kweli, na migebuka inapanda kutoka ziwani Tanganyika kuja kukutana na ugali wa muhogo. Nimenenepa, msiniulize kilo ngapi.

Ila kuna kitu lazima ukijue kuhusu miji hii ya Buha ndipo utaelewa ninachotaka kusema. Kwa miaka mingi, ajira nzuri ya kijana wa Kibondo au Kasulu imekuwa ikija na Land Cruiser nyeupe. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Warundi walipomiminika mwaka 2015 ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani, hadi Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena kupunguza msongamano. Mashirika yakaja, yakaajiri makarani, madereva, wakalimani, watunza stoo. Nyumba za kupanga zikapanda bei, wauza chipsi wakaneemeka. Kisha upepo ukageuka. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021, watu wake wakahamishiwa Nduta. Marekani ilipokata misaada yake ya nje mwaka 2025, mashirika mengi duniani yakapunguza wafanyakazi. Sasa fikiria, mkataba ukikuishia Dar unavuka barabara kupeleka barua ya maombi ofisi ya pili. Huku ukikuishia unarudi nyumbani, unakaa kwenye kochi, mnaangaliana na mwenzio.

Ndiyo maana ujumbe wa dada mmoja wa Kasulu ulinigusa. Aliandika hivi, nimefupisha: "Dada mhariri, mimi nilikuwa karani wa takwimu kwenye shirika, mkataba umeisha. Hela niliyomalizia nayo nimenunua laptopu, najifunza kutengeneza websaiti nikiwa nyumbani. Mume wangu amesema nichague, yeye au hiyo kompyuta. Nifanyeje?"

Kwa kawaida barua za namna hii nazijibu kwa aya tatu na pole juu. Hii sikuweza. Kwanza, mimi mwenyewe nilikuwa na miezi kadhaa najifunza hicho hicho, sebuleni kwangu, watoto wakiwa shule. Pili, Kasulu si mbali kihivyo, lami imepunguza sana safari ambayo zamani ulikuwa unafika umevaa vumbi. Nikampigia, nikamwambia, mdogo wangu, Jumamosi nakuja, chemsha chai.

Kabla sijafika kwake nieleze kidogo hii kazi yenyewe, maana nusu ya ugomvi wa nyumba ile ulitokana na mmoja kutojua mwenzie anafanya nini.

Watu wengi wanadhani kutengeneza tovuti ni mambo ya vijana wenye miwani minene waliosoma hesabu Ulaya. Si kweli. Ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi tu, kama barua. Unaliandika kwa programu ya kawaida kabisa, hata ile Notepad inayokuja bure ndani ya kompyuta ya Windows. Kila kipande cha maandishi unakifunga kwa alama ndogo zinazokiambia kivinjari: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hapa mtu akibofya apelekwe kule. Alama hizo ndizo zinaitwa HTML. Alizibuni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha wanasayansi kule Geneva, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikaanza kuonekana kwa umma. Mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, bure, hakuna wa kuilipia. Hapo ndipo penye utamu: chombo cha kazi hii hakina bei. Fundi cherehani lazima anunue cherehani. Huyu ananunua kompyuta tu, au hata anaanza na simu janja, kwani zipo programu za bure za kuandikia HTML kwenye simu, ingawa vidole vitakuuma na macho pia.

Baada ya HTML inakuja CSS, ya mwaka 1996. Hiyo ndiyo vipodozi: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Rangi zinaandikwa kwa namba, kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, na ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Mimi nilikaa jioni nzima nikitafuta rangi ya udongo wa Kibondo. Nikaipata! Mume wangu akauliza, "Ndiyo kazi hiyo?" Ndiyo kazi hiyo, baba. Mbele kidogo kuna JavaScript, ya kufanya ukurasa uchezecheze na kujibu, lakini anayeanza wala asiikimbilie. Ajue kwanza kupanga aya.

Hayo maandishi yote ya kuiagiza kompyuta vijana wanayaita kodi. Ndiyo maana siku dada yule alipomwambia mumewe "nahangaika na kodi", mwenzie akadhani ni ya nyumba, akatoa elfu hamsini. Nilicheka hadi chai ikamwagika.

Haya, tufike Kasulu.

Nyumba ni vyumba viwili na sebule, ya kupanga. Yeye ana miaka ishirini na saba, mtoto mmoja. Mumewe ana kiduka cha vipuri vya pikipiki, na kwa bodaboda zilivyojaa Kasulu, biashara si mbaya. Wana kiwanja, msingi umeshamwagwa, wanadundulizia bati. Laptopu imekaa juu ya meza ya plastiki chumbani, kando ya kitanda, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni za bibi zetu. Nikajua hapa kuna heshima kwa hiki chombo, hata kama kuna vita.

Akanieleza ratiba yake. Mchana mtoto yupo, wageni wapo, wakwe wanapita. Umeme nao una mambo yake. Miji hii iliishi kwa jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika Kigoma mwaka 2022, na ingawa sasa hali ni nzuri kuliko zamani, unaweza kukatika ukiwa katikati ya sentensi. Na bando la mchana ni ghali. Kwa hiyo dada alikuwa akiamka saa tisa usiku, wakati bando la usiku ni rahisi na nyumba imetulia, anafungua kompyuta, anasoma, anashusha mafaili ya mafunzo, anajaribu. Hadi saa kumi na moja na nusu, anawasha jiko.

Msomaji wangu, jiweke kwenye nafasi ya mume. Unaamka usiku wa manane, unapapasa upande wa pili, hakuna mtu. Kwenye kona kuna mwanga wa bluu, mkeo ameinama, anachapa, anatabasamu peke yake. Wewe ungefikiria HTML?

"Nilidhani ana mtu," shemeji aliniambia mwenyewe, bila kuficha, tukiwa tumekaa nje. "Sikusema, lakini nilidhani ana mtu huko alikokuwa akifanya kazi. Nikasema bora kompyuta iondoke."

Hapo ndipo nilipoona barua ya dada ilikuwa imeniletea jina lisilo sahihi la ugonjwa. Alinieleza habari ya kompyuta. Mwenzie alikuwa na wivu, na wivu huo alikuwa ameuvalisha nguo za hesabu: mara Luku inaisha haraka, mara hela ya bando, mara mtoto halali vizuri. Wanaume wetu wengi ni hivyo, kusema "naogopa kukupoteza" ni kazi kuliko kusema "umeme umepanda."

Basi nikaanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo mlango alioufungua yeye. Laptopu kama ile inakula kama wati 50. Ikiwaka saa 8 mfululizo inamaliza uniti 0.4. Pasi ya wati 1,000 inamaliza kiasi hicho hicho kwa dakika 24. "Shemeji," nikamwambia, "mashati yako matatu ya Jumapili ndiyo siku nzima ya kazi ya mkeo." Akanyamaza. Akaliangalia shati lake. Hakupenda, lakini alikuwa mtu wa duka, namba anaziheshimu.

Bando nalo lilikuwa na dawa. Dada alikuwa anajifunza kwa kutazama video, na nusu saa ya video inaweza kula MB 200 au zaidi. Masomo ya maandishi ni mepesi mno ukilinganisha, na mengi yanapatikana bure: W3Schools ipo tangu mwaka 1998, freeCodeCamp tangu 2014. Unafungua kurasa kumi usiku mmoja, unazihifadhi kwenye kompyuta, unazisoma wiki nzima mchana bila intaneti. Tena jambo ambalo wanaoanza wengi hawalijui ni kwamba huhitaji intaneti kabisa wakati wa kutengeneza. Faili liko kwenye kompyuta yako, kivinjari kipo kwenye kompyuta yako, unaandika, unahifadhi, unafungua, unaona. Intaneti inahitajika siku ya kupandisha kazi hewani. Kwa hiyo saa tisa za usiku zikapungua kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki, na hiyo siku mwenye nyumba anaijua, imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani.

Lakini hesabu peke yake isingetosha. Nikamwomba dada amwite mumewe akae naye mezani amwonyeshe anachofanya. Hajawahi! Miezi miwili anajifunza, hajawahi kumwonyesha, kwa sababu "bado haijapendeza." Hapa sikumwonea aibu, nilimwambia wazi. Mwanaume ana haki ya kujua mkewe anatumia wapi hela na usiku wao. Kuna baadhi yenu mtanuna mkisoma hapa, mseme mhariri amewaunga mkono wanaume. Nuneni tu. Mume akianza kuamka saa tisa usiku bila maelezo, wewe utamwachia hadi "ipendeze"?

Wakakaa. Akamfungulia ukurasa aliokuwa akijifunzia: duka la vipuri vya pikipiki. Jina la duka la mumewe lipo juu, kwa herufi nyekundu. Picha ya tairi. Orodha ya bei. Shemeji akatazama muda mrefu. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Plagi siuzi bei hiyo." Wanaume! Lakini alisogeza kiti.

Wakakubaliana miezi mitatu. Katika miezi hiyo laptopu haiuzwi wala haisemwi vibaya. Mchana dada anapata saa mbili ambazo hatumwi dukani wala hapokei wageni, mtoto anakwenda kwa bibi yake jirani. Miezi mitatu ikiisha bila hata shilingi moja kuingia, laptopu inauzwa, hela inakwenda kwenye bati. Mimi niliona muda ni mdogo, nikasema. Shemeji akasema bati haliongezi subira. Sikuwa na jibu.

Nikirudi Kibondo nilikuta yangu yananisubiri, maana msidhani kwangu ni peponi. Mama mwenye nyumba wetu ni mtu mzima, mpole, ananipenda kama mwanawe, lakini hawezi kabisa kuamini kwamba mtu aliyekaa anafanya kazi. Akipita ananiona na kompyuta, anauliza, "Mwanangu, leo huna kazi?" Nikimwambia mama hii ndiyo kazi, anasema, "Sawa, basi nisaidie kuchambua maharage huku unafanya." Nachambua. Ukimkatalia mtu mzima wa Kiha maharage yake utakuwa umehama mji ndani ya moyo wako. Nilichofanya ni kubadili kitu kidogo tu: saa za kazi navaa kama natoka. Viatu, hereni, nywele zimesukwa. Siku ya kwanza akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia naingia ofisini, nikaenda kukaa mezani. Alicheka sana, lakini tangu siku hiyo maharage yanakuja baada ya saa tisa alasiri. Jaribuni, hasa mnaoshinda na kanga moja halafu mnalalamika hamheshimiwi.

Narudi Kasulu. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Dada alikuwa anaota wateja wa Ulaya na Marekani, wa kulipa dola. Kuna matangazo mengi yanayowadanganya vijana wetu hivyo: lipia kozi hii laki mbili, wiki sita unaingiza dola elfu. Nawaomba, hela yenu ikaeni nayo. Watanzania wapo wanaofanya kazi za nje kwa mtandao, na wanalipwa, lakini wameshindana na watu wa dunia nzima, na hata kupokea hela imekuwa mtihani wake; kwa miaka mingi PayPal ilimruhusu Mtanzania kulipa tu, kupokea hapana, ikabidi watu watafute njia nyingine. Mtu anayeanza Kasulu, mteja wake yuko Kasulu. Analipa kwa simu, na ukimtafuta unajua anakaa wapi.

Mteja wa kwanza hakutaka hata tovuti. Alikuwa na steshenari, akataka orodha ya bei ipangwe vizuri, ichapwe. Elfu kumi na tano. Dada akanipigia analia, anasema hii si ndoto yake. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo elfu kumi na tano mpe mumeo mkononi, usiitumie. Akafanya hivyo. Sijui waliongea nini, ila ujumbe uliofuata ulikuwa na vikopa viwili.

Mteja wa pili ndiye mwenye mambo. Gesti moja mjini, inategemea wageni wa mashirika na maofisa, na wageni wamepungua, mwenye gesti anataka aonekane mtandaoni. Wakapatana laki tatu, nusu mbele. Alichokitaka: picha ishirini, muziki, na bendera ya taifa ipepee. Hapa ndipo nilipojiona shahada yangu ya mawasiliano haikupotea bure. Chuoni tulikaririshwa mtumaji, ujumbe, mpokeaji, hadi tukachoka. Sasa mpokeaji wa gesti ile ni nani? Ni ofisa yuko kwenye basi, amepita Makere, simu ina mtandao wa kubahatisha, betri imebaki asilimia 12, anataka kujua vitu vitatu: kuna chumba, bei gani, namba ya simu ipi. Picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 4. Mtandao ukiwa dhaifu, kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo moja inachukua zaidi ya dakika tano kufunguka. Ishirini? Ofisa ameshafika, amelala kwa jirani. Ukiipunguza picha hiyo hiyo hadi KB 150, kwa macho ya simu huoni tofauti, na inafunguka kwa sekunde 12 tu.

Dada akatengeneza mara mbili, ya bosi na ya kwake, akampelekea kwenye simu mbili, akamwambia azifungue akiwa nyuma ya gesti kule ambako mtandao ni wa kuvizia. Mwenye gesti akasimama na simu mbili mikononi kama anapima samaki. Ya kwake ikaendelea kuzunguka. Ya dada ikafunguka, na namba ya simu juu kabisa, ukiigusa inapiga. Akachagua ya dada. Bendera ikabaki, lakini haipepei.

Jambo lingine alilofanya vizuri ni lugha. Mwenye gesti alitaka Kiingereza kitupu, kwa kuwa "mtandao ni wa Wazungu." Ukweli ni kwamba Kiswahili kiko mtandaoni kitambo. Ndesanjo Macha alianza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004, blogu yake ikiitwa Jikomboe, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar, 2009, wakati kurasa zilikuwa zinafunguka kwa maombi. Wao waliweza, gesti ya Kasulu ishindwe kuandika "Vyumba vipo, karibu"? Ikaandikwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo chini kwa wageni.

Alikuwepo na kijana mwingine aliyetaka tovuti ya habari za mjini, udaku wa viongozi na mpira. Hapo nilimzuia. Tangu 2018 nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, zimerekebishwa zaidi ya mara moja, na anayechapisha habari kwa umma anatakiwa kuwa na leseni ya TCRA. Tovuti ya gesti ni kitu kimoja, gazeti la mtandaoni ni kingine. Fundi mchanga asiingizwe kwenye kesi ya mtu kwa sababu ya laki moja.

Na ile nusu ya pili ya hela ya gesti? Ilikuja baada ya wiki saba, kwa vipande vya elfu thelathini. Mara bosi yuko Kigoma, mara mtoto anaumwa. "Dada, kwani ulichoniuzia kinashikika?" alimwambia siku moja. Shemeji ndiye aliyekwenda. Ndiyo, yule yule. Alifunga duka saa nne asubuhi, akaenda gesti, akakaa mapokezi, akamwambia mhudumu hana haraka, anasubiri hela ya kazi ya mkewe. Akasubiri hadi jioni, akarudi na elfu tisini iliyobaki. Dada aliponisimulia hilo sauti ilibadilika, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya elfu tisini.

Sasa msinifanyie sinema hapa. Shemeji bado analalamika kuhusu taa ya usiku. Mama yake bado anawaambia watu mkwe wake "anacheza kompyuta." Miezi mitatu ilipoisha walipiga hesabu kwenye daftari la duka: zimeingia laki tatu na elfu themanini, imetoka bando, nauli na kulipia jina la tovuti ya gesti, inabaki pungufu ya laki tatu kwa kazi ya miezi mitatu. Kwenye shirika alikuwa anapata zaidi ya hiyo kwa mwezi mmoja. Hilo nalisema kwa sababu wapo watakaosoma hapa kesho waache kazi. Msiache kazi. Dada hakuacha, yeye aliachwa.

Laptopu haikuuzwa. Akapata kikundi cha wafuga nyuki, wana asali na nta, wanataka mnunuzi wa Mwanza aone picha na bei bila kupiga simu mara kumi. Wamekubaliana atalipwa nusu hela, nusu asali. Nilimuuliza asali anaipeleka wapi, akasema mumewe ameshaipangia rafu ya duka, katikati ya mnyororo wa pikipiki na oili.

Ila juzi kaniandikia tena. Betri ya laptopu imekufa, umeme ukikatika kompyuta inazima hapo hapo na kazi inapotea. Betri mpya ni hela ya bati kama tano hivi. Yeye anataka betri. Shemeji anasema mvua haziko mbali na nyumba haina paa, tena amekopa mfano wake mwenyewe: "Wewe si ulisema unaweza kuhifadhi kila baada ya sentensi?" Wameniomba niamue. Mimi nimewaambia Jumamosi nakuja tena, na safari hii sitaki chai, nataka migebuka.